Pikipiki ya Zamani Inayozimika Njiani: Daftari Kabla ya Spana



Wasomaji wetu wapenzi, kuna homa ambayo humpanda mtoto usiku, ikamtoa mama mbio hadi zahanati, na anapowasili mbele ya daktari mwili wa mtoto umekwisha kupoa. Mama huulizwa mtoto anaumwa nini, naye hana la kuonyesha. Pikipiki ya zamani inayozimika njiani ina tabia iyo hiyo. Humwacha mwenyewe kando ya barabara katika jua la saa saba, kisha ikisukumwa hadi kwa fundi huwaka kwa kiki ya kwanza na kunguruma kana kwamba haina dosari. Fundi huisikiliza, hubadilisha plagi kwa kuwa lazima abadilishe kitu, hupokea ujira wake, na kesho yake chombo huzimika pale pale.

Mama mmoja wa Kisauni ametuandikia kuhusu masaibu ya namna hii. Ni mjane. Marehemu mumewe alimwachia Honda C70 ya miaka ya 1970, na kila siku baada ya swala ya alfajiri kijana wake huipakia vyakula anavyopika mama, mahamri na viazi vya karai, avipeleke katika mikahawa ya mjini. Kwa muda wa miezi miwili pikipiki imekuwa ikizimika njiani, mara mbili ikiwa juu ya daraja la Nyali na magari yakija kwa nyuma. Mafundi watatu wameitazama. Wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akasafisha kabureta, wa tatu akauza kabureta mpya. Shemeji yake anamshauri aiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mama anauliza: "Niiuze, au niendelee kutoa pesa za unga nimpe fundi?"

Swali hilo lina uzito, kwa sababu pesa zinazotoka ni za unga kweli, na anayebaki juu ya daraja ni mtoto wa watu. Lakini haliwezi kujibiwa kabla ya kujulikana ugonjwa wenyewe ni upi. Na ugonjwa wa kuja na kuondoka aghalabu hauonekani gereji. Huonekana njiani, na wanaouona ni wale wanaoishi na chombo. Ndiyo maana uchunguzi wake huanzia nyumbani, kwa kalamu na daftari, kabla ya spana kuguswa.

CHOMBO CHEPESI KUELEWEKA

Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuunda pikipiki za ukoo huu, ziitwazo Super Cub, mwaka 1958. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimekwisha kuundwa zaidi ya milioni 100. C50, C70 na C90 ni watoto wa mama mmoja. Klachi yake haihitaji mkono wa kushoto, jambo lililowafaa wapeleka vyakula wa Japani waliozoea kuendesha huku mkono mmoja umebeba mzigo. Kwa hivyo kijana wetu na mahamri yake anakitumia chombo kwa kazi ile ile kilichofikiriwa tangu mwanzo.

Injini ya C70 ina sentimita za ujazo 72 tu, na ndani ya zile za zamani hamna kompyuta. Kila kinachoweza kuharibika kinaonekana kwa macho, kinashikika kwa mkono, au kinasikika. Tutakayoyaeleza hapa yanaifaa pia Vespa ya babu, Suzuki na Yamaha za wakati huo, maadamu chombo kinatumia kabureta na pointi.

Na kanuni yake wanaijua wote waliopika kwa kuni: figa moja haliinjiki chungu. Injini nayo ina mafiga matatu. La kwanza ni petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake. La pili ni cheche yenye nguvu, inayoruka kwa wakati wake. La tatu ni mbano, yaani pistoni iweze kuukandamiza ule mchanganyiko ndani ya silinda bila kuvuja. Likiteleza figa lolote kati ya hayo, chungu humwagika. Kazi ya daftari ni kutuambia ni figa lipi linaloteleza, ili tusinunue lililo zima.

MASWALI SITA YA DAFTARI

Andaa daftari la shule, liwekwe mahali pamoja na funguo. Kila pikipiki inapozimika, aliyekuwa akiiendesha aandike siku iyo hiyo, kabla kumbukumbu haijapoa. Ikiwa kijana ni mvivu wa kalamu, mama au dada amuulize anaporudi, naye ajibu huku akinywa chai.

Swali la kwanza: ilizimika vipi? Hili ndilo kuu kuliko yote. Injini iliyokosa petroli hufa polepole. Hupungukiwa nguvu, husitasita, hukohoa, huomba, kisha ndipo hunyamaza. Injini iliyokosa cheche hufa ghafla, kama taa iliyozimwa kwa swichi. Sikio la mwendeshaji latosha kutofautisha, lakini lazima aulizwe mapema.

Swali la pili: ilikuwa imekwenda dakika ngapi? Kitu kinachoharibika kwa joto hungoja injini ipate moto. Kinachoharibika kwa kutikisika hakingoji, huweza kuzima chombo hata mlangoni.

Swali la tatu: ilikuwa mahali gani? Kwenye shimo, kwenye tuta, kwenye kona, kwenye mteremko? Ikiwa huzimika kila usukani unapogeuzwa, shaka ya kwanza iwe juu ya waya zinazopita shingoni mwa fremu, ambazo hukunjwa na kukunjuliwa kila kona kwa miaka mingi.

Swali la nne: hali ya hewa ilikuwaje? Inayozimika kwenye mvua ya masika au unyevu wa alfajiri, ikapona jua likichomoza, huenda umeme wake unavuja katika waya mnene wa plagi au kofia yake.

Swali la tano: petroli ilikuwa kiasi gani ndani ya tangi, na koki ilikuwa kwenye njia ya kawaida au ya akiba? Ikiwa huzimika tangi linapokaribia kwisha tu, uchafu uliotuama chini ndio unaovutwa.

Swali la sita: ilikubali kuwaka baada ya muda gani? Iliyowaka papo hapo ina kasoro tofauti na iliyotaka kupumzishwa nusu saa.

Baada ya kuzimika mara nne au tano, daftari huanza kuzungumza. Usikate shauri kwa mara moja, kwani mara moja yaweza kuwa sadfa.

DAKIKA MBILI ZA KWANZA KANDO YA BARABARA

Ushahidi mwingine hupatikana pale pale chombo kilipozimika, kabla hakijapoa. Kwanza kabisa isukumwe nje ya barabara. Juu ya daraja au penye magari ya kasi pasifanyike uchunguzi wowote. Roho ya mtu ni ghali kuliko kondensa. Pikipiki ikishakuwa mahali pa salama, kuna majaribio matatu mepesi, yafuatane kwa utaratibu huu.

La kwanza, fungua kifuniko cha tangi, ambalo katika Honda hizi liko chini ya kiti, na usikilize. Kifuniko kina kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Petroli inaposhuka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kitundu kikiziba kwa vumbi au kutu, tangi hubaki likivuta bila kupata, na petroli hukataa kushuka. Ni sawa na kopo la maziwa lililotobolewa upande mmoja tu: hutoa kidogo, kisha husita. Ukisikia sauti ya hewa ikivutwa kwa ndani, na pikipiki ikawaka mara baada ya hapo, umeipata dawa bila gharama. Kitundu kizibuliwe kwa sindano, basi.

La pili, ikiwa injini haijafa kabisa bali inasitasita, vuta choki kidogo. Choki hupunguza hewa na kuuzidishia mchanganyiko petroli. Injini ikipata uhai, ilikuwa na njaa ya petroli, au kuna mahali inapovuta hewa ya wizi, kama mpira au gasketi iliyopasuka baina ya kabureta na silinda. Isipoona tofauti yoyote, shaka ihamie kwenye cheche.

La tatu, hakikisha tangi limefungwa na koki imefungwa, kisha fungua plagi kwa kitambaa, kwa kuwa ina moto, na uitazame. Plagi iliyokauka wakati injini inakataa kuwaka husema petroli haikufika. Iliyolowa na kunuka petroli husema petroli ilifika, lakini haikuchomwa. Nyeusi yenye masizi makavu husema hewa ni haba, pengine chujio la hewa limejaa vumbi. Yenye mafuta mazito husema oili inapenya hadi juu ya pistoni, na hilo ni jambo la fundi.

Kisha irudishe plagi katika kofia yake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, shika kofia ya mpira tu, na mtu mwingine apige kiki. Cheche njema ni ya buluu, nene, na husikika ikialika. Ya rangi ya manjano, nyembamba na yenye kusitasita ni cheche mgonjwa. Jaribio hili lisifanywe palipomwagika petroli, wala karibu na jiko, wala mbele ya watoto wadogo. Mvuke wa petroli hauonekani, na cheche moja yatosha.

PETROLI NA NJIA YAKE

Daftari likielekeza kwenye petroli, fuata njia yake kutoka juu hadi chini. Tangi la zamani, hasa huku kwetu ambako hewa ina chumvi, huota kutu ndani. Vumbi la kutu hushuka, huziba kichujio kidogo cha koki, na lililo laini zaidi hufika kabureta. Ndani ya kabureta kuna jeti, vijitundu vyembamba mno vinavyopima petroli. Chembe moja hukaa mlangoni mwa jeti, injini ikakosa pumzi. Ikizimika, chembe huanguka chini, na pikipiki huwaka tena. Fundi akifungua haoni kitu. Hii ndiyo sababu kusafisha kabureta bila kusafisha tangi ni sawa na kupiga deki huku paa linavuja.

Maji nayo ni mgeni asiyealikwa. Huingia kwa mvua, kwa unyevu unaoganda ndani ya tangi lililo nusu tupu, au kwa petroli ya chupa isiyojulikana ilikotoka. Kuyagundua ni rahisi. Fungua parafujo la chini ya kabureta, kinga petroli kidogo katika gilasi safi isiyotumika tena jikoni, na uiache itulie. Petroli huelea juu ya maji kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Ukiona matone yaliyojikusanya chini yakikimbia huku na huko, hayo ni maji.

Petroli iliyokaa miezi mingi pia huharibika, ikaacha gundi ya rangi ya kahawia katika jeti. Pikipiki ya marehemu iliyofungiwa stoo mwaka mzima isiwashwe kabla tangi halijamwagwa na kabureta kuoshwa.

CHECHE NA UMEME WAKE

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu. Umeme wa cheche katika C70 za zamani hauzaliwi na betri. Huzaliwa na gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka pembeni mwa injini. Vidomo viwili vya chuma, ambavyo mafundi huviita pointi, hufunguka na kufunga kila mzunguko. Pointi zinapofunguka, koili huusukuma umeme kwa nguvu kubwa hadi kwenye plagi. Nafasi baina ya vidomo vikiwa wazi kabisa ni milimita 0.3 hadi 0.4, unene unaokaribia ule wa ukucha. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Vipimo hivi viwili fundi asivikisie kwa jicho. Kipimo cha vibati ni rahisi na kila gereji inapaswa kuwa nacho.

Pamoja na pointi kuna kopo dogo liitwalo kondensa. Kazi yake ni kuumeza umeme unaotaka kuruka baina ya pointi zinapoachana. Kondensa ikizeeka, umeme huo huruka ovyo, pointi huungua na kuwa nyeusi zenye vishimo, na cheche ya plagi hudhoofika. Na sifa ya kondensa inayokufa ni hii: ikiwa baridi hufanya kazi, ikipata moto hugoma, ikipoa hurudi. Koili mbovu nayo huwa hivyo hivyo. Ndiyo homa yetu ya usiku ambayo daktari haikuti. Fundi akiijaribu pikipiki iliyolala nje ya gereji yake tangu asubuhi hatauona ugonjwa, hata awe hodari vipi. Amngoje kwanza mgonjwa apate homa, yaani aizungushe pikipiki dakika ishirini, ndipo apime cheche.

Kwa C90 za zamani mambo ni tofauti kidogo, kwani cheche yake hutegemea betri. Ikizimika pale taa ya mbele na indiketa zinapowashwa pamoja, tazama betri, vibano vyake vilivyoota ukungu wa kijani, na mtambo wa kuichaji.

Kisha kuna waya. Katika pikipiki zenye sumaku kama C70, ufunguo huzima injini kwa kuupeleka umeme wa cheche kwenye chuma cha fremu, ukapotea huko. Maana yake ni kwamba waya wa ufunguo uliochubuka, ukigusa fremu mahali popote, huizima injini kama vile mtu amegeuza ufunguo. Jaribio lake ni jepesi: pikipiki ikiwa imesimama na injini inanguruma, geuza usukani pole pole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha tikisa waya moja moja. Inapozima, mkono wako uko juu ya ugonjwa.

Ama ile inayosumbua wakati wa unyevu, itazameni usiku penye giza, injini ikiwa inawaka. Ukiona vimweso vya buluu vikitambaa juu ya waya wa plagi, umeme unavuja hapo. Msiuguse, tazameni tu.

FIGA LA TATU

Mbano haupotei na kurudi mara kwa mara kama mafiga mengine, ila kuna kisa kimoja cha kukumbuka. Valvu za Honda hizi huachiwa nafasi ndogo mno, milimita 0.05 injini ikiwa baridi. Zikibana zaidi ya hapo, chuma kinapotanuka kwa joto valvu haifungi sawasawa, mbano huvuja, na injini ya moto hukosa nguvu au hukataa kuwaka. Kiki ikiwa laini kupita kawaida chombo kinapokuwa moto, mwambie fundi apime valvu kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa.

DAFTARI LA KISAUNI LILISEMA NINI

Tulimwomba mama yule aandike kwa siku sita kabla ya kuuza wala kununua chochote. Pikipiki ilizimika mara nne, baada ya dakika 17, 19, 16 na 20. Mara zote ilizimika ghafla, bila kukohoa. Hakukuwa na mvua. Kufungua kifuniko cha tangi hakukusaidia. Plagi ilikuwa imelowa petroli. Baada ya takriban nusu saa iliwaka yenyewe kama kwamba hapakuwa na jambo.

Msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa anaweza kujibu mwenyewe. Petroli ilifika, kwa hiyo kabureta mpya haikuhitajika. Ilikufa kama taa, tena kwa joto, ikapona kwa baridi. Figa lililoteleza ni la cheche, na washukiwa ni wawili, kondensa au koili. Mama alimpelekea fundi ukurasa ule, akamwomba aizungushe kwanza kisha apime. Cheche ilikuwa ya manjano, na pointi zilikuwa zimeungua. Vikabadilishwa pointi na kondensa, kwa fedha chache mno kuliko zile za kabureta.

Siku tatu zilipita salama. Siku ya nne ikazimika tena, na nyumba nzima ikavunjika moyo. Lakini daftari lilionyesha kwamba safari hii haikuwa dakika ya kumi na saba. Ilikuwa dakika ya pili, kwenye kona ya kutokea mtaani, na iliwaka papo hapo. Huo haukuwa ugonjwa wa kwanza uliorudi. Ulikuwa wa pili, uliojificha nyuma ya mwenzake: waya wa ufunguo uliochubuka shingoni mwa fremu. Ulifungwa upya, ukavishwa mpira. Lau si daftari, fundi mwenye haki yake angetuhumiwa bure, na kondensa mpya ingetupwa.

ADABU YA MATENGENEZO

Kutokana na kisa hiki tunashika mambo manne. Mpe fundi habari, usimpe hukumu. Mwambie ulichokiona, umwache atumie elimu yake. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha chombo kijaribiwe, kwani vikibadilishwa vitano kwa pamoja hakuna atakayejua kilichoponya. Omba urudishiwe kifaa kilichotolewa, kiwekwe katika mfuko chenye tarehe. Mara nyingi kizima hutolewa kwa makosa, na siku moja kitafaa. Na gurudumu la sumaku lisitolewe kwa nyundo. Lina kifaa chake cha kulivutia, na asiye nacho alipeleke kwa mwenye nacho.

Vilevile ndugu zangu, upo wakati ambapo ushauri wa shemeji ni wa haki. Fremu ya Honda hizi imeundwa kwa bati lililofinyangwa, na chumvi ya bahari hulila kutoka ndani. Gonga kwa kidole chini ya kiti na pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikana na fremu. Ukisikia mlio wa kopo, au kutu imetoboa hadi upande wa pili, hapo si suala la kuzimika tena. Chombo cha namna hiyo kisibebe mtu, hata injini yake iwe inaimba. Lakini kuuza chombo chenye mifupa mizima kwa sababu ya kondensa ni kumchinja ng'ombe kwa sababu ya kupe.

Mpaka ugonjwa upatikane, pikipiki inayozimika isivuke daraja, isipakie abiria, wala isitumwe usiku. Kijana apite njia za ndani, avae kofia ngumu na jaketi la kung'aa, hata kama anakwenda duka la jirani. Na kwa dada na mama wanaopakiwa hata kwenye pikipiki nzima: kusanyeni pindo za buibui na leso mapajani kabla gurudumu halijaanza kuzunguka. Nguo ikinaswa na mnyororo au spoki humvuta mwenye nayo chini kabla hajapiga kelele. Ekzosi nayo iko upande wa kulia, ina moto wa kuunguza mguu; teremkeni kwa kushoto.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee wetu, na chombo hakifichi maradhi yake kwa anayekiuliza kila siku. Daftari la senti chache, likiwekwa pamoja na funguo, laweza kuokoa pesa za unga na la muhimu zaidi kumrudisha kijana nyumbani kwa wakati. Mama wa Kisauni hakuiuza. Ametuarifu kwamba ukurasa wa sasa una mstari mmoja tu: tarehe ya kubadilisha oili.